Mguu wa Kulia Kwanza

Siku ya kwanza nilipokwenda hospitali kwa ajili ya kiuno changu, mama alinipamba kama bibi harusi. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini kasoro kidogo, mwalimu wa skuli, nina mume na mtoto, nakaa zangu Jang'ombe. Asubuhi ile nilipitia kwake Mji Mkongwe kumwachia mtoto tu, nikajikuta nimekalishwa kitandani nafukizwa udi. Akanipaka wanja. Akafungua kabati akatoa buibui jipya alilokuwa ameniwekea kwa Sikukuu, akalikung'uta, akanivisha kwa mikono yake mwenyewe.

"Hospitali kuna watu," alisema. "Utakutana na wanokujua na wasokujua. Hutoki kwangu na uso wa maradhi."

"Lakini mama, mie nnaumwa."

"Kiuno. Nani hakimuumi kiuno?"

Nikaenda hospitali nikinukia mpaka mlinzi wa getini akanipisha kwa heshima. Nilikaa kwenye benchi mpaka karibu na adhuhuri, na kukaa ndiko kulikokuwa kukinimaliza. Maumivu yangu yalikuwa na tabia ya kupingana na akili za watu. Nikifanya kazi yanapungua, nikipumzika yanazidi. Alfajiri ndiyo yanakuwa makali kabisa: naamka nimekakamaa kuanzia mgongoni, kiunoni, mpaka paja la kulia, na kugeuka tu kitandani nahitaji kumwita Mungu. Sasa nenda kamwambie mtu kwamba unaumwa kwa sababu umelala, usikie atakavyokucheka.

Daktari alikuwa kijana, macho yamemlegea kwa uchovu. "Hujambo, mwalimu?" akaniuliza.

"Sijambo, alhamdulillahi," nikajibu. Ndivyo nilivyolelewa. Hata ukiwa umekatwa kichwa, ukiulizwa hujambo unajibu sijambo kwanza, kisha ndiyo unatafuta pa kuanzia kueleza kichwa kiko wapi. Nikatafuta pa kuanzia, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuandika. Picha ya mgongo ilipotoka aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akatabasamu.

"Mgongo wako mzuri sana," alisema, kwa furaha ya mtu anayeleta habari njema. Akautazama wanja wangu, buibui langu, hina yangu vidoleni. "Punguza mawazo, mwalimu. Pumzika." Akaniandikia vidonge vya maumivu nikaondoka.

Wazo nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, nalo ni kiuno. Na dawa aliyonipa ya kupumzika ndiyo iliyokuwa ikiniumiza. Nilitoka pale nimekasirika kiasi kwamba nilitembea mpaka nyumbani kwa mama kwa miguu, na kwa kutembea huko maumivu yakapungua, nikafika sina hata cha kulalamikia. Mama alinifungulia mlango akaniambia, "Unaona? Nilikwambia huna kitu."

Ningependa kusema kwamba nilichokuwa nikikitafuta tangu siku ile ni kupona, lakini si kweli. Kupona niliacha kukufikiria mapema tu. Nilichokitaka ni mtu mmoja anitazame aniambie: naam, haya ni maradhi, na wewe ni mgonjwa, hukujitungia. Na kama ingewezekana, mtu huyo awe mama.

Miaka ikapita, tena mingi. Nilikwenda kwa madaktari wengine, na kila mmoja aliupenda mgongo wangu. Mmoja aliniambia nipunguze uzito, na nilikuwa mwembamba kama ufito. Mmoja aliniuliza kama nina ugomvi na mume wangu. Nilikunywa kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa marashi, kwa siku zote nilizoambiwa, na kwa hilo sicheki, kwa sababu yule aliyeniandikia alinisikiliza kuliko wote walionipiga picha. Lakini kiuno kilibaki palepale. Mume wangu aliniamini mwaka wa kwanza. Baadaye aliacha kuuliza, si kwa ubaya, ila kama mtu anavyoacha kuuliza khabari za mvua wakati wa masika. Alinisogezea mto, akageuka, akalala.

Skuli niliomba kiti. Nilikuwa nafundisha Kiswahili, darasa lina watoto wengi kuliko madawati, na kipindi cha tatu ndipo mguu wa kulia unapoanza kuwaka. Nilikaa dakika chache, nikasimama, nikazunguka, nikakaa tena. Walimu wenzangu wakanipa jina, Bi Kiti. Msikitini upande wa wanawake nikawa nasalia kitini, nyuma kabisa, na bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, aliyekuwa akisujudu bila hata kushika chini, alinigeukia baada ya salamu akaniambia, "Ujana wote huo, mwanangu? Mola haoni?" Nikamjibu kwamba Mola ndiye pekee anayeona, na hilo jibu lilimfikia mama kabla mimi sijafika.

"Umemjibu mtu mzima," mama akaniambia.

"Alinianza yeye."

"Ungelisalia nyumbani. Mie nasali chumbani kwangu mlango nimeufunga, nani ashanisema?"

Ni kweli. Mama alikuwa akisali chumbani kwake, mlango umefungwa, tangu nilipopata akili. Sala ni baina ya mtu na Mola wake, alikuwa akisema, na sisi tukiona ndio ucha Mungu wenyewe.

Lazima niseme mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo haya yote hayatafahamika. Mama alikuwa hakai. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mjini kote. Nakumbuka tulikwenda Bwejuu kwenye harusi ya jamaa zake, wanawake wote wameketi chini kwenye mikeka, wanamenya vitunguu, wanakuna nazi, wanasengenya, na mama peke yake amesimama. Anapepeta mchele amesimama. Anakoroga sufuria kubwa za pilau, anapeleka maji, anarudi. Walipomwambia, "Bi mkubwa, njoo ukae basi," alicheka akasema ametoka mjini hakuja kukaa. Usiku ule wote walimsifu. Mtu wa kazi yule, walisema, hajui kuchoka. Mimi nilikuwa nimeshindwa kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nimeletewa kiti cha plastiki, nimekaa juu ya wenzangu kama hakimu. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufichwa, "Huyu kweli kazaliwa na yule?"

Mama alisikia. Aliendelea kukoroga.

Na alikuwa na namna yake ya kushuka ngazi. Nyumba yake ilikuwa juu, ghorofa ya pili, na ngazi za nyumba zile za zamani kila mtu anazijua: zimesimama wima, nyembamba, na giza hata mchana. Mama alishuka kwa mguu wa kulia. Kila ngazi, mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto unaletwa karibu yake, kisha tena wa kulia. Mkono mmoja ukutani. Tulipokuwa wadogo tulimwiga tukicheka, naye akatwambia kulia ndiko kwenye kheri, mtu aingiaye nyumbani hutanguliza kulia, aingiaye msikitini hutanguliza kulia, na yeye hata ngazi hataki kuikanyaga kwa kushoto. Tukaacha kumwiga. Kupanda sikuwahi kumwona anavyopanda, kwa sababu alitwambia siku zote, "Tangulieni, tangulieni, mie naja."

Mimi nilipoanza kushuka vilevile, haikuwa kwa sababu ya kheri. Mguu wangu wa kulia ulikuwa hauwezi tena kubeba mwili wakati wa kwenda chini, hivyo niliutanguliza huo, uzito ukabaki kwa wa kushoto. Siku moja nilikuwa nashuka kwake, mkono ukutani, kulia kwanza, nikageuka nikamwona amesimama juu ananitazama. Uso wake ulikuwa na kitu nilichokichukulia kuwa ni hasira.

"Taratibu," alisema. "Ngazi haikimbiliwi."

Nikaenda zangu.

Kuna siku tuligombana. Mtu mmoja skuli alikuwa ameniambia habari za kuumikwa, kupigwa pembe zile za kunyonya damu mbaya, na kwamba kuna mama hodari wa kazi hiyo si mbali na kwetu. Nikamwambia mama kwamba nitakwenda. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile.

"Huendi! Utaharibu ngozi yako bure. Watakuchanja wakuchanje tena, na haisaidii kitu."

"Umejuaje haisaidii?"

"Nasikia watu."

Basi na mimi nikapandwa na hasira. Nilikuwa sijalala vizuri siku kadhaa, na nilikuwa nimechoka kuambiwa. Nikamwambia kila ninalolifanya kwake ni baya, nikienda kwa daktari nipake wanja, nikisali kitini namtia aibu, nikitaka kuumikwa naharibu ngozi. Nikamwambia, "Mama, sitaki dawa kwako. Siku moja tu niulize, mwanangu unaumwa vipi? Niulize tu, unisikilize."

Alikuwa anakunja kanga. Aliikunja mpaka mwisho, akaiweka.

"Nkishakuuliza, nikajua, ntakuondolea?"

"Hapana."

"Basi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kaa nayo, mwanangu. Ndo wanavyokaa watu."

Nilitoka bila kumuaga. Nililia njia nzima mpaka Jang'ombe, nililia kwa uchungu wa mtoto mdogo, mwanamke mwenye mvi zake mbili tatu. Nilimchukia mama siku ile, na sioni sababu ya kulitafutia neno jingine. Kuumikwa sikwenda, lakini.

Alifariki asubuhi ya siku ya kawaida kabisa, presha, akiwa jikoni, amesimama. Jirani alisikia sufuria imeanguka. Mimi niliitwa kutoka darasani. Nilikuwa nawafundisha methali, na ile tuliyokuwa nayo ubaoni ni ile ya mficha maradhi, kwamba kifo humuumbua. Nimeifundisha miaka na miaka. Watoto huipenda kwa sababu ni rahisi kukamilisha.

Mwosha alikuwa bibi wa mtaa ule ule, mfupi, mikono migumu, aliyewaosha karibu wanawake wote waliofia jirani. Alinitaka mimi nimsaidie kwa sababu mimi ndiye binti, na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza mwaka wa kwanza chuoni Tunguu, akapewa kazi ya kumimina maji kwa kata. Kabla hatujaanza, yule bibi alitwambia maneno yake, bila shaka huwaambia wote. Tutakachokiona hapa, kizuri tukiseme, kisichokuwa kizuri kinabaki hapa. Maiti hana mikono ya kujifunika. Sisi ndio mikono yake.

Tulimwosha chini ya shuka, kama inavyopasa, mkono umefungwa kitambaa. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Kisha tukamlaza ubavu ili nimwoshe mgongo. Mkono wangu ulipofika kiunoni, ulipita juu ya kitu nisichokitambua. Hata kwa juu ya kitambaa nilikisikia, kimepangana kama ukili wa mkeka, mstari juu ya mstari. Nikadhani shuka limejikunja. Nikalinyanyua kidogo.

Zilikuwa alama za kuumikwa. Duara na chale ndani yake, duara na chale, kuanzia katikati ya mgongo zikashuka kiunoni, zikapita kwenye nyonga, zikaendelea na paja la kulia. Nyingine zilikuwa za zamani sana, zimekuwa nyeupe zimelainika. Nyingine zimepigwa juu ya za zamani. Na chini, karibu na nyonga, kulikuwa na nne au tano ambazo hazijakauka vizuri bado. Zile za wiki ile.

Nikainusa karafuu. Mama alikuwa akinukia mafuta ya karafuu maisha yake yote, na sisi wote tulijua kwamba ndiyo manukato yake, kama mwingine anavyopenda asumini. Yalikuwa yametoka ndani ya ngozi ya kiuno chake, hata sabuni haikuyaondoa. Nikaziona ngazi. Nikaona harusi ya Bwejuu, sufuria za pilau, na mama amesimama. Nilisimama na kitambaa mkononi nimeganda, na maji yanatiririka.

Mwosha hakushtuka. Alilishusha shuka taratibu juu ya mkono wangu.

"Si peke yake," alisema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea. "Migongo ya mji huu, ungeliiona." Kisha akakumbuka maneno yake mwenyewe, akamgeukia binti yangu. "Mimina, mjukuu wangu. Maji."

Binti yangu akamimina. Alikuwa ameona. Niliona kwamba ameona.

Watu walioniona nikilia matangani walisema nilimpenda sana mama, na ni kweli, lakini sehemu kubwa ya kile kilio ilikuwa ghadhabu. Miaka yote ile tulikuwa kama wawili katika chumba kimoja, na maumivu mamoja, kiuno kimoja, mguu mmoja. Alijua ninavyoamka. Alijua kwa nini nahitaji kiti. Alinitazama nikishuka ngazi kwa mwendo wake, akaniambia taratibu. Tungeliweza kuumwa pamoja. Asingeniondolea, sawa, nimekubali, lakini tungelikaa tukaulizana asubuhi, leo vipi, na wewe vipi, tukapakana yale mafuta. Hilo tu. Nilikuwa nalitaka kuliko dawa, na yeye alikuwa nalo, akaondoka nalo. Na ile methali niliyoifundisha haikuwa kweli. Kifo hakikumuumbua. Kilimwonesha kwa wanawake watatu ambao hawaruhusiwi kusema, basi hata kifo alikishinda. Hapa ninaandika, lakini jina lake sijalitaja, wala langu, wala la mtaa wake, na sitataja.

Mwaka uliofuata binti yangu aliniletea habari kutoka chuoni kwamba amekuja daktari wa viungo kutoka bara, mwanamke, ataona wagonjwa kwa wiki chache tu. Nilimwambia mgongo wangu umeshasifiwa vya kutosha. Hakunisikiliza. Alikuja siku ya miadi asubuhi na gari, akanisimamia mpaka nikavaa. Nilichukua wanja, nikautazama, nikaurudisha. Nilikwenda na buibui la kila siku na uso niliokuwa nao.

Chumba cha daktari kilikuwa juu. Nilipanda nikipumzika. Ndani, nilipoulizwa hujambo, nilifumba macho nikasema, "Naumwa."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Hakuandika kitu. Aliuliza kama asubuhi ni mbaya zaidi. Aliuliza kama nikitembea inapungua na nikikaa inazidi, aliuliza yeye, kabla sijasema, na mimi nikaanza kulia palepale kwenye kiti kwa sababu kumbe kuna mtu duniani analijua swali hilo. Binti yangu alinishika bega. Daktari akaningoja. Alinilaza, akanibonyeza hapa na pale, akaukunja mguu. Mikono yake ilikuwa baridi, naye aliomba radhi kwa ubaridi wake.

"Mama," alisema nilipokaa, "maumivu yakikaa na mtu miaka yote hii, yenyewe ndiyo maradhi. Si mawazo. Hukujitungia."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo nusu ya maisha yangu. Nilidhani yakija nitasikia mwili wote umefunguka. Nilisikia kiuno, kama kawaida, na karafuu.

Akaendelea kunieleza kwa upole. Kuna aina ya maradhi ya uti wa mgongo, alisema, yanayoanza ujanani, na picha za kawaida zinaweza kukaa miaka bila kuyaonesha. Yakijulikana yana dawa yake, si hivi vidonge. Kipimo na dawa zenyewe viko bara, na wanaopelekwa ni wachache, kwa hiyo anahitaji sababu ya nguvu ya kuniombea nafasi. Na sababu moja kubwa ni ukoo, kwa kuwa maradhi haya hupita katika damu.

Akavuta kompyuta karibu. Jina langu lilikuwa pale juu ya kioo, langu, la baba yangu, na la babu.

"Kuna mtu nyumbani aliyekuwa akiumwa hivi? Mama yako mzazi, kwa mfano?"

Binti yangu aliuondoa mkono wake begani kwangu.

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba jibu hilo ndilo linaloweza kunitia kwenye boti nikavuka bahari kwenda kupimwa. Lakini mbele yangu nilimwona mama amelala ubavu chini ya shuka jeupe, hana mikono, na mtu huyu mgeni, mwema, mwenye mikono baridi, ananiomba nilinyanyue. Mama aliyenitia wanja. Mama ambaye hakuna mtu hata mmoja Unguja nzima aliyewahi kumwona amekaa.

"Hapana," nilisema. "Mama yangu alikuwa mzima. Hakuwa na kitu."

"Una uhakika?"

"Alikuwa mtu wa kazi. Muulize yeyote."

Daktari akaliingiza jibu langu kwenye kompyuta. Akasema basi tutaendelea na vidonge kwanza, vya aina nyingine, tuone. Akaniambia nitembee sana. Tukaagana kwa mkono.

Nje tulisimama juu ya ngazi. Nilisubiri binti yangu anilaumu, nilikuwa nimeshaandaa majibu yangu yote. Angeniuliza kwa nini, ningemjibu maiti husitiriwa, na yeye msomi angenijibu ya kwake. Hakuniuliza. Alikuwa anafunga mkoba wake, anafunga na kufungua.

"Mama," alisema, "siku nkiulizwa mie, niseme nini?"

Sikufahamu mara moja. Kisha nikamtazama.

"Kwani weye unaumwa?"

"Aka!" Alicheka, akaweka shungi lake sawa. Nikaona kwamba amejipaka wanja asubuhi ile, vizuri sana, na kwamba ananukia. "Sina kitu. Haya twende, gari inangoja."

Akatangulia yeye kushuka. Mkono ukutani, mguu wa kulia kwanza, wa kushoto ukaletwa karibu yake, kisha tena wa kulia. Nilitaka kumwita. Nilisimama pale juu nikamtazama mpaka alipofika chini, na nilichokisema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, ni kwamba ashuke taratibu.